Stori ya mama nimeikatakata mistari, mbona haiwi shairi?

SWALI: Shikamoo dada mhariri. Mi naandika stori fupi, nyingi naziandikia kwenye simu nikiwa kwenye daladala. Niliandika moja ya mama yetu aliyekuwa anauza vitumbua Tandika mpaka alipofariki, watu wakaipenda sana, sasa nikataka niifanye shairi, nikaikatakata mistari nikatia na vina, rafiki yangu kasoma kasema hii bado stori tu. Tofauti iko wapi hasa?
– Msomaji, Mbagala

JIBU: Marhaba mdogo wangu, na pole sana kwa mama. Nimezisoma zote mbili ulizotuma na rafiki yako kasema kweli. Kwenye shairi umeanza na mama kuamka saa kumi usiku, ukaja unga, ukaja dada yako anamshikia taa, halafu hospitali, halafu msiba, yaani vyote kwa mpangilio uleule. Hiyo ni kazi ya hadithi, msomaji anataka kujua kikafuata nini, na nafasi unayo, ukitaka kurasa tatu za unga kuumuka tu ni zako.

Shairi halikupi nafasi hiyo. Tarbia, ile aina ya shairi tuliyoizoea, ni mishororo (mistari) 4 kwa ubeti, kila mshororo mizani, yaani silabi, 16, 8 huku 8 kule, basi. Kwa hiyo hutafuti kilichofuata, unatafuta kitu kimoja ambacho ukikishika tu sote tunajua kimetokea nini. Mi ningeanzia hapa:

Meza ya mama i tupu, kikaango kimepoa,
Limelala lile kapu, hakuna wa kuopoa.

Sijasema amekufa. Na hilo "kuopoa" wala sikulipanga, nilikuwa nahangaika na kina cha kufanana na "kimepoa" ndo nikakumbuka vitumbua vinaopolewa kwenye mafuta, kumbe kina ndo kimenionesha kwamba mkono wake haupo tena! Kwenye stori hakuna kitu cha kukubana hivyo mpaka ukaona. Hata "mama yangu", mizani 4, ukiifinya ikawa "mamangu", mizani 3, usidhani ni hesabu tu, itamke kwa sauti, hiyo ya pili iko karibu zaidi na kilio.

Sisemi shairi halisimulii, tenzi zimesimulia vita kwa mamia ya beti. Na vina navyo si lazima, mshairi Kezilahabi alitoa kitabu chake cha mashairi, Kichomi, mwaka 1974 bila kufuata vina na mizani, watu wakabishana sana, na yeye alikuwa mwandishi wa riwaya pia. Ila hata alipoacha vina hakuacha kubana maneno.

Andika beti nne za kikaango tu, unitumie. Ile stori usiifute, maana dada yako ambaye umesema sasa ndo anaamka saa kumi kukoroga unga peke yake, huyo bado hujamsimulia.