Video ya muziki kutoka albamu ya picha za studio: jibu kwa vijana wa Mikindani

Mkuu, nimeupitia uzi wako wote. Kwa wanaoingia hapa bila kusoma juu: mna albamu ya familia yenye picha za studio za miaka ya 70, msanii wenu ana wimbo wa dakika tatu wenye biti 100 kwa dakika, na vifaa ni kamera moja ya picha yenye lenzi ya milimita 50, simu mbili na gimbo (mkono wa kutuliza kamera ikitembea) ya kuazima. Mnataka video ipigwe Mikindani, mji wa pwani kando ya Mtwara, na ifanane na zile picha. Jaribio la kwanza limetoka kama slaidi za harusi, na sasa unauliza mnunue lenzi gani.

Msinunue lenzi yoyote. Mmeiga pozi mkaacha picha. Mkono kiunoni upo, miwani ipo, redio ya mbao iko juu ya stuli, halafu kamera inamzunguka mtu kama nzi kwenye embe. Picha ya studio haiendi popote. Mtu amesimama, amekubali kutazamwa, basi. Ukiihamishia kwenye video, amua kitu kimoja tu kati ya vyote vilivyotulia ndani ya fremu ambacho kitatikisika. Nitalirudia hilo chini.

Kwanza isomeni picha. Iwekeni mezani, kila mmoja aitazame dakika tano bila kuongea. Kivuli cha pua kimeangukia upande gani? Hapo mmejua mwanga ulikotoka. Ukingo wa kivuli ni mkali au umeyeyuka? Mkali ni balbu tupu au jua, ulioyeyuka ni dirisha au kivuli cha uani. Tazameni nukta nyeupe ndani ya jicho: ikiwa ya pembe nne ni dirisha, mlango au boksi la taa, ikiwa ya duara ndogo ni balbu. Halafu urefu wa kamera. Studio nyingi zilitumia kamera za kutazamia kwa juu, mpiga picha akiwa ameinamisha kichwa na kamera iko kifuani au tumboni kwake. Ndiyo maana watu wa kwenye zile picha wanaonekana warefu na wenye heshima zao. Mkipiga kwa kamera iliyo usawa wa macho, hamtaipata ile hali hata mkivaa suruali za bwanga zote za soko la Mtwara. Wekeni stendi sentimita 100 hadi 120 kutoka chini, lenzi ikitazama mbele bila kuinuka wala kuinama.

Umbali nao una hesabu yake. Lenzi ya 50 kwenye kamera yenye sensa ndogo (sensa ni kibao cha ndani kinachopokea picha) inataka takriban mita 8 ili mtu aonekane kutoka kisigino hadi kofia kwenye video, na mita 4 kwa nusu mwili. Sebule hazina mita 8, kwa hiyo mnakwenda uani. Kwa simu, msitumie lenzi pana kwa kumsogelea mtu mita moja na nusu: pua inavimba, masikio yanajificha. Wekeni zumu ya mara mbili, mrudi nyuma.

Wala hili la picha kuzaa video si geni. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, alifungua studio Bamako mwaka 1948, akapiga zaidi kwa mwanga wa jua uani, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake. Baadaye alikuwa akilibadilisha kila baada ya miaka michache, na leo picha zake zinakadiriwa umri kwa kutazama pazia. Malick Sidibé, wa Bamako hiyohiyo, alibeba kamera na flashi hadi kwenye madansa ya vijana. Mwaka 1997 Mark Romanek alipoongoza video ya Janet Jackson iliyojaa watu wa mtindo wa Afrika ya miaka ya 60, macho yake yalikuwa kwenye picha za namna hii. Pwani yetu nayo haikulala: Capital Art Studio ya Zanzibar ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Kwa hiyo albamu ya bibi yenu ina ndugu wengi. Tafuteni picha za hawa mtandaoni, mzilaze kando ya zenu, mtaona pazia, sakafu na kiti vinafanya kazi ileile.

PAZIA. Kitenge cha yadi 6 kina takriban mita 5 na nusu. Kikate katikati, vipande viwili vishonwe ubavu kwa ubavu, mnapata pazia la upana wa mita 2.3 na urefu wa mita 2.7. Linatosha mtu mmoja au wawili. Lishoneni kwa mashine, maana pini huacha mikunjo yenye vivuli. Pigeni pasi. Chini fungeni fito, pepo za ghuba ya Mikindani hazina adabu. Msanii asimame mita 1.5 mbele ya pazia ili kivuli chake kianguke chini badala ya kumganda mgongoni.

Mkitumia khanga, angalieni mambo mawili. Pindo likipita nyuma ya shingo linamkata mtu kichwa, hivyo kichwa kikae kwenye mji, yaani sehemu ya katikati ya khanga. Na jina la khanga, yale maandishi yake, lisomeke: kamera ya mbele ya baadhi ya simu hugeuza picha kama kioo, jina linatoka kinyumenyume, na watazamaji wa pwani hawatawasamehe. Pia lichagueni. Wimbo wa kumbembeleza mpenzi huku nyuma jina linamsuta mtu, hiyo ni video nyingine kabisa. Nyie wenyewe mnajua khanga inavyosema.

MWANGA. Hapa ndipo video nyingi za kusini zinapoharibikia. Bahari yetu iko mashariki. Jua linatoka majini, halizami majini, kwa hiyo ile dhahabu juu ya maji inapatikana kati ya saa 12 na saa 1 na nusu asubuhi. Jioni jua liko nyuma ya mji. Tena usiku huingia haraka: Juni linazama saa 12 na dakika chache, Desemba kama saa 12 na nusu. Kikundi kinachofika lokesheni saa 11 na nusu kikaanza kupaka poda kimeshapoteza siku.

Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 20 Oktoba na tarehe 22 Februari. Siku hizo saa 6 mchana macho ya mtu ni mashimo mawili meusi, na hakuna programu itakayoyafukua. Kati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini una kivuli saa zile mbaya. Huo ndio ukuta wenu.

Vichochoro vya mji mkongwe wa Mikindani ni studio iliyokwisha kujengwa. Msanii asimame kivulini akitazama ukuta wa chokaa ng'ambo unaopigwa na jua. Ukuta ule unakuwa taa kubwa laini, na kwa ngozi nyeusi hakuna taa tamu kuliko hiyo, kwa sababu ngozi nyeusi hupendeza kwa kile inachorudisha: mng'ao shavuni, kwenye paji, kwenye mfupa wa bega. Tone la mafuta ya nazi linaongeza mng'ao huo. Tone, mkuu, si kuoga. Kosa la kawaida ni kumweka mtu mbele ya ukuta mweupe kamera ikiwa kwenye oto, ikijipangia yenyewe: inauona weupe, inapunguza mwangaza, uso unazama. Kwenye simu bonyeza uso na ushikilie mpaka mwangaza na fokasi vifungwe, ukuta uachwe uungue kidogo, yaani uzidi kuwa mweupe. Rangi ya mwanga (white balance) nayo ifungwe, Kelvin 5600 nje, la sivyo inabadilika katikati ya mstari wa wimbo.

Chini ya mikorosho kivuli ni kizuri kwa jicho na kibaya kwa kamera, majani yanapaka ngozi kijani. Mtoeni mtu hadi ukingoni mwa kivuli, tandikeni shuka jeupe la mita 2 chini nje ya fremu. Newala na Masasi ni udongo mwekundu unaopanda kidevuni, dawa ni ileile.

Mipangilio ya kamera: fremu 25 kwa sekunde (picha 25 kila sekunde), shata 1/50 (sehemu ya sekunde ambayo kila picha inapokea mwanga). Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mkipiga fremu 30 na shata 1/60 ndani ya nyumba yenye balbu za LED za bei rahisi, mistari ya giza itapanda na kushuka ukutani. Juani, ukitaka tundu la lenzi 2.8 na ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kuona mwanga), mwanga umezidi kwa hatua 6, kila hatua ikiwa maradufu: ndiyo filta ya ND64, kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Bila filta mtapandisha shata hadi 1/3200, na mwendo unakuwa wa kukatika-katika kama mbwa anajikung'uta.

Sasa kile kinachotikisika. Kila "picha hai" yenu, yaani kipande cha video kinachoiga picha ya albamu, iwe na mwendo mmoja. Kamera kwenye stendi, gimbo irudishwe kwa mwenyewe. Watu wanne wamekaa kama kwenye albamu, wametulia, na ncha ya khanga ndiyo inayopepea. Au wote wametulia, msanii peke yake anaimba. Au hakuna anayeimba, mtoto aliyeko pembeni anageuza macho kuitazama lenzi. Mkiongeza mwendo wa pili, jicho halijui liende wapi. Pigeni sekunde 20 kila moja, mtumie chini ya 10. Waambieni wapumue kwa pua na wasifunge magoti, mtu mzima akisimama wima juani magoti yamekazwa anaweza kuzirai. Wazee wakae kwenye kiti, na si wa kuitwa saa 4 wakapigwa saa 8.

Ukitaka kitambaa kiwe kizito kama ndoto, pigeni fremu 50, shata 1/100, na wimbo uchezwe mara mbili ya kasi wakati msanii anaimba. Kwenye kuhariri mnapunguza kasi kwa nusu: nguo inaelea, midomo inaendana na wimbo. Kuimba biti 200 kunataka mazoezi, kwa hiyo fanyeni kiitikio tu. Spika iwe karibu naye, na mwanzoni mwa kila kipande mtu apige kofi mbele ya kamera ili mpate pa kulinganishia.

Hesabu ya biti: 60 gawanya kwa biti, zidisha kwa 25. Biti 100 ni fremu 15 kamili kila moja, mna bahati. Singeli ya biti 200 ni fremu 7 na nusu, hapo mnakata kila biti mbili. Dakika tatu zenu ni biti 300, yaani mizunguko 75 ya biti nne, kila mmoja sekunde 2.4. Mpango unaofaa ni picha hai 14, kila moja mizunguko minne, inabaki mizunguko 19 kwa picha halisi za albamu. Zisimwagwe sawasawa. Mbili au tatu mwanzoni, kisha kimya kirefu, kisha kwenye daraja la wimbo (kile kipande kinachobadilika kabla ya kiitikio cha mwisho) zije moja kwa kila biti. Zile slaidi zenu za harusi zilitokana na picha kukaa sekunde tatu-tatu kila moja, na zote zikivutwa mbele. Picha iliyonakiliwa kwa megapikseli 24 ina upana wa pikseli 6000, kwenye video ya 1920 mnaweza kuingia ndani mara tatu bila kupasuka. Basi ikateni picha ndani kwa ndani: mkono, saa, kiatu, halafu uso.

Kunakili: msizibandue kwenye albamu za gundi, zinachanika. Picha ilale, kamera juu yake sambamba kabisa, mwanga kutoka madirisha mawili au taa mbili kwa pembe ya nyuzi 45, kitambaa cheusi nyuma ya kamera ili karatasi ya kung'aa isirudishe taswira ya mpigaji. Na waulizeni wenye picha, pamoja na familia za waliomo.

Flashi ya Sidibé mnaweza kuitamani. Flashi ya kweli ikipigwa wakati video inaendelea inaangaza nusu ya fremu, nusu giza, kwa sababu sensa husomwa mstari kwa mstari. Pigeni picha za kawaida kwa flashi, muingize kila moja kwa fremu 2 au 3 kati ya video. Au taa ya LED ishikwe karibu sana na lenzi, upande mmoja, ndani ya ukumbi wenye giza.

Rangi: karatasi za miaka ya 70 zimekuwa nyekundu-nyekundu kwa sababu rangi ya samawati ndiyo iliyopauka. Watu wanaiga kwa kumwaga filta ya chungwa juu ya kila kitu, ngozi inakuwa tofali. Chagueni rangi tatu mbele ya kamera, pazia, nguo, kiti, na kwenye kuhariri inueni weusi kidogo tu na mpunguze ukolevu. Ngozi iachwe ilivyo.

Vibali, haraka: shikamoo kwa mwenye nyumba, taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa, na muulize mapema Bodi ya Filamu. Magofu ya Kilwa Kisiwani yana kibali na malipo yake. Droni bila ruhusa ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) iacheni nyumbani. Msielekeze kamera bandarini, uwanja wa ndege wala kwenye mitambo ya gesi ya Madimba.

Chumvi ya hewani huganda kwenye lenzi ndani ya saa moja, futeni kila mkibadilisha pazia. Kamera iliyotoka kwenye kiyoyozi ikae nusu saa ndani ya mfuko uliofungwa kabla ya kutolewa, vinginevyo lenzi inatoa jasho. Video ya 4K (ukubwa mara nne ya 1080) ya megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa, nunueni kadi kabla ya kununua soda. Mkimaliza, pandisheni YouTube kwa 4K hata kama mlipiga kwa 1080, chembechembe na mikunjo ya kitambaa inabaki. WhatsApp mtume kama dokumenti.