Maswali ya Wasomaji: Waalbania Walikuwa Wanamkimbia Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia wilayani Kongwa, mahali ambapo wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipewa kambi katika miaka ya 1960. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba Albania ilijitangazia uhuru mwaka 1912, kisha wakaona picha ya meli iliyofurika Waalbania wakiihama nchi yao mwaka 1991. Wananiuliza: watu waliokwisha kujitawala walikuwa wanamkimbia nani?
Mwalimu, Kongwa

JIBU: Mwalimu, walikuwa wanaikimbia serikali yao wenyewe, pamoja na ufukara ambao serikali hiyo iliwaachia.

Utawala wa Milki ya Osmani, yaani dola ya Waturuki, ambao Skanderbeg, shujaa wa Waalbania, aliupinga kwa silaha tangu mwaka 1443 hadi alipofariki mwaka 1468, haukuwanyima Waalbania ardhi na madaraka tu, bali uliwanyima pia shule. Watoto wa Kiislamu walisomeshwa kwa Kituruki na wa Kiorthodoksi kwa Kigiriki. Shule ya kwanza iliyoruhusiwa kufundisha kwa Kialbania ilifunguliwa katika mji wa Korçë tarehe 7 Machi 1887, ikapokea watoto wa dini zote, jambo lililowaudhi watawala na viongozi wa kanisa la Kigiriki kwa pamoja; mwaka 1902 ikafungwa. Kwa maoni yangu, mapambano ya watu hawa yanaeleweka vizuri zaidi ukianzia hapo kuliko ukianzia mji wa Vlorë, ambako Ismail Qemali alitangaza uhuru tarehe 28 Novemba 1912.

Uhuru huo ulikuja ukiwa umekatwa, kwa kuwa mataifa makubwa yaliyokutana London yaliiacha Kosovo, eneo lenye Waalbania wengi, nje ya mipaka mipya. Italia iliivamia Albania mwaka 1939, na baada ya vita madaraka yakashikwa na Enver Hoxha, kiongozi wa chama cha kikomunisti, aliyetawala hadi alipofariki mwaka 1985.

Wasomaji wetu wenye umri mkubwa wataikumbuka Albania ya Hoxha kwa wema. Tarehe 25 Oktoba 1971, Umoja wa Mataifa ulipoirudishia China kiti chake, Albania na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha azimio lile, na balozi wetu alikuwa Salim Ahmed Salim. Lakini katika miaka hiyo hiyo, huko Spaç milimani, wafungwa wa kisiasa walikuwa wakichimba shaba kwa kulazimishwa. Mwezi Mei 1973 waligoma, wakapandisha juu ya jengo la gereza bendera nyekundu ya tai mwenye vichwa viwili, wakiwa wameiondolea nyota ya chama. Mgomo ukazimwa na wanne kati yao wakauawa kwa hukumu. Tangu mwaka 1967 misikiti na makanisa yote yalikuwa yamefungwa, na kanisa kuu la Shkodër likageuzwa ukumbi wa michezo. Kuvuka mpaka bila ruhusa kulihesabiwa kuwa uhaini.

Ndiyo maana wanafunzi wa Tirana, mji mkuu, walipoandamana Desemba 1990, utawala ule haukudumu. Meli waliyoiona wanafunzi wako inaitwa Vlora. Ilikuwa imerudi kutoka Cuba na shehena ya sukari pale watu wapatao 20,000 walipoipanda kwa nguvu, wengine wakining'inia kwenye kamba, ikafika Bari, nchini Italia, tarehe 8 Agosti 1991. Italia iliwafungia ndani ya uwanja wa mpira na kuwarudisha wengi wao.

Waalbania wa Kosovo nao, baada ya Serbia kuwaondolea mamlaka yao ya ndani mwaka 1989 na kuwafukuza walimu wao, waliendesha masomo majumbani, katika vyumba vya chini na magereji, kwa miaka mingi, kama wazee wao wa Korçë walivyoshikilia masomo ya lugha yao. Vita vilifuata mwaka 1998 na 1999, na Kosovo ikajitangazia uhuru tarehe 17 Februari 2008, uhuru ambao Serbia bado haijautambua.