Gari kugoma asubuhi: usikimbilie stata mpya

Pole mkuu. Umesema gari linachelewa kuwaka alfajiri hapo Njiro, mchana halina shida, na fundi anataka ununue stata (mota inayozungusha injini iwake). Subiri kwanza. Baridi ya Julai ya Arusha hupunguza nguvu ya betri na oili inakuwa nzito, kwa hiyo betri iliyochoka huumbuka asubuhi.

Sikiliza ukipiga stata. Injini ikizunguka kivivu, fungua boneti utazame vichwa vya betri. Vyangu vilikuwa na ungaunga wa kijani, maji ya moto na mswaki mkuukuu vikamaliza kesi (toa waya wa hasi kwanza!). Kisha fundi umeme apime: gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma volti 12.6 hivi, na ukipiga stata isishuke sana chini ya 10. Injini ikiwaka, chaji iwe kati ya 13.8 na 14.5.

Ikizunguka kwa kasi ila haishiki, shuku mafuta. Washa swichi sekunde 3 bila kupiga stata, zima, rudia, ndipo upige. Ikishika papo hapo, huenda presha ya petroli inashuka usiku; ikaguliwe pampu.

Hiyo stata iongelewe betri na nyaya zikishapita vipimo.