Homa za jioni baada ya kufagia banda la njiwa: yangu ilikuwa aleji ya mapafu

Mkuu, umeandika kwamba kila ukisafisha banda asubuhi, jioni unashikwa na homa, baridi na kikohozi kikavu, na malaria haionekani. Njia hiyo nimeipita.

Nilikuwa na njiwa kama 40 nyuma ya nyumba. Jumapili saa tatu asubuhi nafagia, saa kumi jioni natetemeka ndani ya blanketi, kifua kimebana. Jumanne mzima kabisa. Nilimeza dawa za malaria, antibayotiki mara tatu, makohozi yakapimwa TB, hola. Kilichonipoteza ni ule muda wa katikati. Ningekuwa nakohoa nikiwa bandani, ningewashuku njiwa mapema. Aleji hii mara nyingi huchelewa masaa manne hadi manane, na pampu ya pumu niliyoazima kwa shemeji (kosa, najua) haikunifaa kitu.

Daktari wa kifua kabla hajanigusa aliuliza, "Unafuga nini?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Picha ya CT ikaonyesha mapafu yote mawili yamevimba ndani. Vumbi la manyoya na kinyesi kikavu lina protini. Ukilivuta linashuka hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa, na mwili unapigana nalo kama vile umevamiwa na vijidudu. Aleji hii haiambukizi. Wakulima huipata kwenye nyasi kavu na nafaka zilizoota ukungu.

Nikapewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, nikapata nafuu, nikajidanganya. Nikabaki na njiwa wangu nikijifunga barakoa ya kitambaa, ambayo vumbi laini linaipita tu. Dozi ilipopunguzwa, homa zikarudi. Dawa ilikuwa inatuliza uvimbe huku chanzo kiko dirishani. Mwishowe njiwa wote wakaenda kwa binamu, nikaosha kuta na mapazia, mto wa manyoya nikautupa. Homa zikakoma, lakini nilichelewa: kuna sehemu zimeshaweka makovu, na ngazi za ghorofa ya tatu napanda kwa vituo.

Prednisoloni usijinunulie dukani. Ukiwa na TB iliyojificha, inaweza kuipa nguvu, kwa hiyo vipimo kwanza. Na ukimwona daktari, neno "njiwa" litangulie, kabla ya "homa".

Banda lako liko umbali gani na chumba unacholala?