Kwa nini mazungumzo ya mpaka wa Jordan na Syria hayaishi

Ndugu, umeuliza kwa nini Jordan na Syria hawamalizani kuhusu Nassib, kituo cha kuvukia mpaka wao kwa barabara, ilhali wote wanataka biashara. Shida ni kwamba lori linalobeba matunda ndilo hilo hilo linaloweza kuficha kaptagoni, vidonge vya kulevya vya jamii ya amfetamini. Kwa mfano, Aprili 2021, pale Jeddah, Saudi Arabia, maofisa wa forodha walikuta vidonge hivyo zaidi ya milioni 5 ndani ya makomamanga yaliyotoka Lebanon. Tunda kwa nje zima kabisa, ndani limejaa dawa! Saudi Arabia ikapiga marufuku matunda na mboga zote za Lebanon, na mkulima asiye na kosa akabaki na mazao yanamwozea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kivuko chenyewe cha Nassib kilifungwa 2015 waasi wa Syria walipokiteka, kikafunguliwa Oktoba 2018, kikafungwa tena 2021 kwa mapigano ya Daraa, kusini mwa Syria. Mei 2023, mjini Amman, serikali ya Syria chini ya Rais Assad iliahidi kusaidia kuwasaka wanaotengeneza na kusafirisha dawa hizo, lakini magendo hayakukoma. Serikali ya Syria iliyofuata baada ya Assad kuangushwa ndiyo iliyokubaliana na Jordan, Januari 2025, kuunda kamati ya pamoja ya usalama wa mpaka.