Mama Mkwe Kaachwa Kwenye Benchi Istanbul, Nawe Wauliza Kosa ni la Nani?

*Shangazi, mimi ni mke na mama wa watoto wawili, naishi Dar es Salaam. Mume wangu ana duka la nguo Kariakoo na huenda Istanbul kufuata mzigo. Mwaka huu aliahidi kutuchukua mimi na watoto tukatembee kama familia. Tulipokaribia kuondoka, ghafla akaniambia mama yake wa Pangani naye anakuja. Nikanyamaza. Siku ya matembezi nilikuwa nimepanga kila kitu: Msikiti wa Bluu, Hagia Sophia, Kasri la Topkapı, kisima cha chini ya ardhi, Soko Kuu, Mnara wa Galata jua likizama, kisha meli ya Bosphorus usiku. Mama mkwe akaiharibu yote. Anatembea polepole, na kule Topkapı alikaa karibu saa nzima kwenye chumba kimoja tu, analia. Baada ya adhuhuri mume wangu akaenda Laleli kumalizana na watu wa mzigo. Mama akasema magoti yanamuuma, nikamwambia akae kwenye benchi asiondoke, nikamwacha muda kidogo, mimi na watoto tukaenda kisimani na Galata. Mume akarudi, akamkuta peke yake, na sisi tulipofika akanifokea mbele ya watoto. Mama naye akalalamika kwamba alasiri ilimpita, wakati misikiti iko mbele na nyuma yake! Tangu tumerudi mume hasemi nami, na alipoziona picha nilizoweka ndiyo kabisa. Wifi anachochea. Nifanyeje ili mume wangu aache kumtanguliza mama yake? Na mwakani nikisema mama abaki, nitakuwa nimekosea? — Mke Mwenye Uchungu*

Mwanangu, pole. Kufokewa mbele ya watoto kunauma, na mumeo angeweza kungoja mfike hotelini. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma na kuirudia, na kila nikiisoma namwona mtu mmoja tu aliyedhulumiwa siku ile, naye si wewe.

Tuanze na hiyo "ghafla" yako. Mtanzania haendi Uturuki bila viza, na mama wa Pangani ambaye hajawahi kupanda ndege hana pasi ya kusafiria kabatini inamngoja. Mumeo alianza kushughulikia karatasi za mama yake mapema, nawe ulijua. Ulinyamaza wakati wa kusema, ukaenda kuyasemea Istanbul kwa vitendo. Angalau ungelipinga hapo hapo nyumbani, mkazozana, mkaelewana. Kinyongo ulichokipakia kwenye begi ndicho kilichowaharibia siku, na magoti ya mama wa watu unayasingizia.

Sasa hilo la "muda kidogo". Wewe ni Mwislamu, unajua alasiri inatoka lini. Kama ilimpita, basi mama huyu alikaa kwenye benchi lile tangu baada ya adhuhuri mpaka jua linazama. Na wewe mwenyewe umesema Galata uliitaka jua likizama. Kutoka uwanja wa Sultanahmet, lilipo benchi hilo, mpaka Galata unapanda tramu, unapita Eminönü, unavuka daraja, unashuka Karaköy, halafu unapanda mlima kwa miguu, na ukifika mnarani kuna foleni. Hujaenda dukani ukarudi. Ulivuka maji ukaenda upande mwingine wa mji, ukamwacha mtu mzima katika nchi ambayo hajui hata kuuliza choo kiko wapi.

Unashangaa hakwenda kuswali wakati misikiti iko mbele na nyuma. Mwanangu, ulimwambia asiondoke! Alikuwa na Hagia Sophia upande mmoja na Msikiti wa Bluu wenye minara yake sita upande wa pili, adhana anaisikia kote kote, na hakunyanyuka kwa sababu aliogopa mkirudi msimkute na wajukuu wahangaike. Aliipoteza swala yake kwa kukutii wewe. Halafu hilo unaliandika kama lalamiko la mwanamke mkorofi.

Na "chumba kimoja tu" cha Topkapı nakijua ni kipi. Ndicho chumba cha amana tukufu, lilimo joho la Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, na panga na nywele za ndevu zinazonasibishwa naye. Vingi vilipelekwa Istanbul baada ya Sultani Selim wa Kwanza kuitwaa Misri mwaka 1517, na humo ndani Kurani inasomwa. Mwanamke aliyekulia kwenye maulidi za Pangani, aliyemswalia Mtume tangu hajaota meno yote, anasimama mbele ya vitu hivyo, ulitaka afanye nini? Apige picha atoke? Katika familia yenu nzima, yeye ndiye aliyejua amekwenda kuona nini. Ungemshika mkono, ukawaambia watoto, "Mwangalieni bibi, muulizeni analia nini," wangepata somo ambalo nguzo 336 za kisima kile hazitawapa, japo ni za enzi za mfalme Justinian na maji yake yanapendeza kwenye picha.

Picha. Hapo ndipo ulipojifunga mwenyewe. Umesema mumeo amekasirika zaidi alipoziona, hukusema kwa nini. Nitakusemea: mama yake hayumo. Amepitia moja moja akimtafuta, hakumwona. Ndiyo maana hasemi. Mwanamume akifoka bado anakutaka mzungumze. Huyu anatafakari ameoa nani, na hilo ndilo la kukuogopesha, kuliko huyo wifi ambaye hata safarini hakuwapo.

Ndoa za siku hizi zinanipa huzuni. Safari inapangwa kwa ajili ya watu waliobaki nyumbani, waione kwenye simu, waumie kidogo. Kwa hiyo kila pahala pafikiwe, kila nguo ibadilishwe, na yeyote atakayepunguza mwendo, awe mtoto anayelia njaa au mzee anayeshika kiuno, anageuka kuwa adui. Wazee wetu walisema mtaka yote hukosa yote. Orodha yako ilikuwa na sehemu saba kwa siku moja! Hagia Sophia imesimama pale tangu mwaka 537, ikawa kanisa, ikawa msikiti mwaka 1453, ikawa makumbusho, ikarudi kuwa msikiti 2020. Haikimbii. Na kuna huu ugonjwa mwingine, wa kudhani mume alishuka kutoka mbinguni akiwa na duka Kariakoo tayari. Alizaliwa, akalelewa na mwanamke akiwa na magoti mazima. Unaufurahia upole wake na riziki yake, halafu aliyemfundisha upole huo unamwona mzigo.

Mumeo naye asingekwenda Laleli siku ile ile aliyoiita ya familia. Mwambie, mkishapatana.

Utakalofanya ni hili. Usiku huu mwambie mumeo, "Nilimwacha mama yako, na nilijua muda ulikuwa unakwenda." Usitie "lakini" baada ya maneno hayo. Kisha nenda Pangani mwenyewe, usitume ujumbe, usimtume wifi, usitangulize kitenge kama rushwa. Wachukue watoto, maana waliona ulipoondoka na waliona aliyebaki. Kaa chini, umwombe radhi wakisikia. Akinyamaza, nyamaza naye, ulale hapo, kesho yake umpikie. Akikusamehe, mwombe awasimulie watoto alichokiona Topkapı.

Sasa kuhusu mwakani. Nenda naye, na siku yake ipange kwa miguu yake. Saa tatu asubuhi muwe Topkapı linapofunguliwa, isiwe Jumanne kwa kuwa hufungwa, na chumba kile akae mpaka atosheke. Mkitoka, pumzikeni bustani ya Gülhane iliyo chini ya kasri. Adhuhuri aiswali Msikiti wa Bluu kwa nafasi, nawe uko pembeni yake. Alasiri yake ikishaswaliwa, mpande tramu mpaka Eminönü, mchukue feri ya kawaida ya abiria ya kwenda Üsküdar. Nauli yake ndogo, mtakaa, mtakunywa chai, na huo Mnara wa Galata mtauona kutoka majini bila kupanda ngazi hata moja. Siku imekwisha, inatosha. Soko Kuu nenda wewe siku nyingine na pochi yako, usiende Jumapili utakuta pamefungwa.

Ukiona huwezi kutembea hivyo, usimwambie mumeo mama abaki. Baki wewe Dar, yeye na mama yake waende.