Kwa kijana anayeanza kuendesha malori ya Kongo

Vijana wengi wakishapata leseni daraja E huniuliza mambo mawili: mshahara na aina ya gari. Ni haki yao kuuliza, lakini kuna la tatu linalobeba uhai wako: nani anaamua gari lisimame? Ukitoka Dar es Salaam na mzigo, simu ya ofisini italia Chalinze, italia Morogoro, italia tena Makambako. "Umefika wapi? Mbona wenzako wameshapita?" Tajiri ana haki ya kujua mali yake ilipo, ila haoni ukungu wa Mafinga, wala hajui kope zako zimeanza kushuka saa tisa usiku. Mpigie ukiwa umesimama, mweleze kwa heshima, na uamuzi wa kuegesha ubaki kwako.

Usingizi dawa yake ni kulala tu. Kahawa na muziki vinakufikisha kijiji kinachofuata, basi. Mirungi ndiyo inakudanganya kabisa. Ukiona hukumbuki kilomita ulizotoka kupita sasa hivi, tafuta maegesho yenye mlinzi na malori mengine, ulale. Usilale pembeni ya barabara porini: utaamka tangi limenyonywa na turubai limechanwa.

Kabla ya hayo yote, dai mkataba wa maandishi. Mwaka 2015 madereva waligoma nchi nzima, na mikataba ya ajira ilikuwa mojawapo ya madai yao. Uliza posho ya safari ni kiasi gani, faini ya mizani inamhusu nani, michango ya NSSF inapelekwa au la, na kama mwajiri amesajiliwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Anayekujibu "tutaongea ukirudi" mwache aendeshe mwenyewe. Na usidharau kuanza kama utingo. Mimi nilipitia huko, na kufunga mzigo, kubadili tairi na kusoma milima nilijifunza nikiwa kiti cha kushoto.

Mizani inawatesa wageni kwa sababu wanakariri jumla tu. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, lori la ekseli sita lenye matairi mawili mawili nyuma linaruhusiwa tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 18 kwenye mbili za nyuma ya kichwa, na 24 kwenye tatu za tela. Jumla ni tani 50, lakini kila kundi linapimwa peke yake. Mzigo ukisogea mbele sana, jumla iko sawa na bado kwenye mizani ya Vigwaza unazuiwa. Kwa hiyo wakati wa kupakia usiende kunywa chai. Simama hapo, waambie wapakiaji mzigo ukae wapi.

Sasa mlima Kitonga. Kwenda unaupanda, kurudi unauteremka na shaba ya Kongo mgongoni, na hapo ndipo ninapowahofia vijana zaidi. Shaba hudanganya jicho. Mabamba yamefungwa mafungu mafupi, yamekaa chini sakafuni, tela linaonekana nusu tupu, kumbe uzito umetimia. Kabla ya kuanza kushuka, tafuta nafasi usimame. Pita na chuma ukigonga tairi moja moja: lenye upepo wa kutosha chuma hudunda na sauti ni kavu, lililopungua hupokea pigo kama gunia la mchanga. Sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Likiwa na joto kuliko wenzake, breki yake inashika au beringi inakufa, na hapo huondoki mpaka ujue ni kipi. Zima injini usikilize mipira ya upepo wa breki kama kuna panapovuja. Ukiwasha, subiri geji ya upepo ijae.

Gia ndogo iingie ukiwa bado juu, kwa sababu ukishachanganya mwendo huenda isikubali tena. Acha injini na breki ya eksozi vishike gari, na breki ya mguu uikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi, mwendo ushuke, kisha uiachie ipoe. Ukiikanyaga mfululizo, dramu za breki zinachemka na laini zake hazishiki tena. Moshi ukiuona kwenye kioo ujue umechelewa. Wapo wanaoweka nyutro, yaani kutoa gia gari liteleze lenyewe, ili wabakize dizeli ya kuuza njiani. Nakuomba, mdogo wangu, usiwaige. Lita hizo zimezika watu.

Mikumi barabara inakata hifadhini kwa takriban kilomita 50. Heshimu mwendo ulioandikwa, hasa jioni. Mnyama akigongwa faini ni kubwa, na tembo akiwa barabarani hakuna honi itakayomharakisha. Mwenzako wa mbele akiwasha indiketa ya kulia wakati unataka kumpita, anakwambia subiri. Akiwasha ya kushoto anakuruhusu, lakini hakikisha kwa macho yako, kwani huenda anakata kushoto tu. Gari likikuharibikia, weka pembetatu zako mbali, na ukikata matawi kama ilivyo desturi yetu, uyaondoe gari likipona. Mawe ya kuzuia tairi pia. Linaniuma kila ninapoona jiwe limeachwa katikati ya njia. Pikipiki itakayokuja usiku haina taarifa.

Nyaraka zikague wewe mwenyewe kabla ya mpaka wa Tunduma: pasipoti, kadi ya homa ya manjano, bima ya kadi ya njano ya COMESA, karatasi za forodha na namba za lakiri. Namba moja ikitofautiana, utakaa mpakani huku posho ikiisha.

Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa, Kongo wanaendesha upande wa kulia, nawe usukani wako uko kulia vilevile. Kupita gari lingine unakuwa kipofu. Kwa hiyo usipite, au umtegemee utingo unayemwamini kwa macho. Foleni ya pale huchukua siku. Chukua maji, unga na gesi ukiwa bado Chililabombwe, upande wa Zambia, na kondomu zisikosekane kwenye begi kama unajua hutavumilia. Fedha ya nyumbani itume kabla hujajiunga na foleni, maana ukishaanza kununua chakula pale, posho haidumu.